Kindi wa Miguu Myekundu na Lawama za Mpox

Katikati ya mwaka 2024 wagonjwa wa mpox waliongezeka mjini Uvira, mashariki mwa Kongo, wiki baada ya wiki, na watoto walikuwa wengi miongoni mwao. Tarehe 14 Agosti mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitangaza ugonjwa huo kuwa dharura ya afya ya kimataifa, siku moja baada ya kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa kutangaza dharura ya bara zima. Ugonjwa wowote ukiingia mjini, watu huuliza umetoka wapi. Kwa huu jibu lilikuwa tayari mdomoni: kwa wanyama wa msituni. Miaka mingi aliyebebeshwa lawama ni nyani, kwa kuwa jina la zamani la ugonjwa lilimtaja yeye. Siku hizi kidole kinaelekezwa kwa mnyama mdogo zaidi, kindi, na hasa jamaa mmoja wa kindi ambaye ni miongoni mwa wanyama wanaopendeza mno katika misitu ya Afrika. Nataka kumweleza taratibu, kwa sababu nusu ya yanayosemwa juu yake ni kweli, na nusu nyingine inatupeleka kumwogopa asiyehusika huku tukimsahau anayehusika.

Anaitwa kindi wa miguu myekundu. Katika vitabu vya sayansi ni Funisciurus pyrropus, jina alilopewa mwaka 1833, na makazi yake yanaanzia Gambia, yanapita misitu ya Afrika Magharibi na bonde la Kongo hadi magharibi mwa Uganda, Rwanda na Burundi. Uzito wake ni takribani robo kilo. Mgongoni ana kahawia iliyochanganyika na weusi, na kila unywele una rangi zaidi ya moja, kwa hiyo ukimwona kwa mbali unadhani ni wa kijivu chenye ukijani. Ubavuni, kila upande, ana mstari mmoja wa rangi ya maziwa kutoka begani kwenda nyongani. Tumbo ni jeupe. Mkia umejaa nywele ndefu zenye ncha nyeupe. Kisha kuna kichwa, mashavu na miguu yote minne: hapo rangi inageuka kuwa nyekundu, ule wekundu wa tofali lililoiva vizuri tanuruni. Anaposimama juu ya gogo lililooza akiwa ameshika tunda kwa mikono miwili, mkia ukiwa umekunjwa juu ya mgongo, unaweza kuhesabu rangi nne au tano kwenye mwili usiozidi kiganja na nusu.

Mnyama anayewindwa na chui, kanu na paka-mwitu amepataje ujasiri wa kuvaa rangi ya namna hii? Wekundu tunaouona sisi, wao hawauoni. Macho ya binadamu, na ya kima na nyani wa Afrika, yana aina tatu za chembe za kupokea rangi. Paka, mbwa na jamaa zao wana aina mbili tu, na kwao nyekundu na kijani hukaribiana sana. Kindi mwenyewe yuko hivyo hivyo: akitazama miguu yake haoni kile tunachokistaajabia. Tena anaishi chini, penye mwanga hafifu na majani makavu ya rangi ya kutu. Mahali hapo wekundu wake haupigi kelele. Rangi yenyewe hutokana na melanini ya aina mbili, moja ya weusi na kahawia, nyingine ya wekundu na manjano, na mwili huamua kila sehemu ipate kiasi gani.

Mistari ya wanyama wa jamii hii ina maelezo yaliyopatikana karibuni. Mwaka 2016 Ricardo Mallarino na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walichunguza panya wa mistari wa Afrika na kukuta kwamba jeni moja, Alx3, huamka kwa nguvu penye mstari mweupe na kuzuia chembe zinazotengeneza rangi zisikomae. Walipomchunguza kindi wa mistari wa Amerika ya Kaskazini, ambaye ukoo wake uliachana na ule wa panya makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, walikuta jeni ileile ikifanya kazi ileile. Kumbe mstari mweupe ni sehemu ambayo rangi imekatazwa kukua, wala si rangi iliyoongezwa juu ya nyingine.

Lakini kwa jambo tunalolitafuta, rangi yake ina uzito mdogo kuliko mahali anapotafutia chakula. Mtu aliyetufungulia macho hapa ni Louise Emmons, mtafiti Mmarekani aliyefanya kazi karibu na Makokou, kaskazini-mashariki mwa Gabon, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1980. Katika msitu mmoja alikuta aina tisa za kindi. Aina tisa za wanyama wanaokula karibu vyakula vilevile, mahali pamoja, mchana uleule! Alipofuatilia kila mmoja aliona wamegawana msitu bila kugombana sana. Mkubwa kuliko wote, mwenye zaidi ya nusu kilo na taya za kuvunja kokwa ngumu, hukaa juu kabisa kwenye matawi. Mdogo kuliko wote, mwenye gramu 16 hivi, hukwangua maganda ya miti. Wengine hupenda kati ya mizabibu-mwitu, wengine msitu uliokatwa ukaota upya. Huyu wa miguu myekundu amechukua chini. Hupita juu ya magogo na kati ya mizizi akiokota matunda yaliyoanguka, na huongezea mchwa na sisimizi kwa wingi kuliko kindi wengi wengine.

Hilo la kuishi chini ndilo linalomkutanisha na binadamu. Kindi wa juu ya miti hupatwa na mwenye bunduki au manati ya shabaha. Kindi wa chini hupatwa na yeyote au chochote: tanzi la waya lililotegwa kwa ajili ya panya au ndezi, mbwa wa shambani, mtoto anayetoka kuchota maji. Na ikiwa ni mgonjwa, hata tanzi halihitajiki.

Ukiwa Uvira, ukilipa mgongo Ziwa Tanganyika na kutazama juu, miinuko inayoelekea mji ina nyasi na mashamba kuliko miti. Msitu wenyewe uko nyuma ya upeo huo, kwenye safu ya Itombwe, ambayo kilele chake cha Mohi kinapita mita 3,400. Huko kuna kindi wengine wa kuvutia, akiwemo kindi-jua wa Ruwenzori, mwenye mgongo wa kijivu, tumbo jeupe na mkia wa pete. Mtu aliyezichunguza tofauti zake za hapa kwetu ni Alexandre Prigogine, aliyeongoza maabara ya kampuni ya madini huko Kamituga wakati wa Wabelgiji na ambaye moyo wake ulikuwa kwa ndege. Ndugu yake, Ilya, alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1977. Kazi za Alexandre zilijulikana na wachache, ila bundi wa Itombwe anabeba jina lake mpaka leo, na mwaka 1954 alieleza kwa mara ya kwanza jamii mbili za huyo kindi-jua. Upande wa kusini zaidi, kutoka Marungu, alipatikana kindi mdogo wa mistari aliyepewa jina la Richard Böhm, Mjerumani aliyefia Katanga mwaka 1884.

Ninawataja wakusanyaji hawa kwa sababu ngozi walizokausha na kuzilaza kwenye droo za makumbusho zimegeuka ushahidi ambao wao wenyewe hawakuufikiria. Mwaka 2018 kundi la watafiti lilitoa matokeo baada ya kupima zaidi ya vielelezo 1,000 vya kindi wa jamii ya Funisciurus vilivyokusanywa Afrika ya Kati kati ya mwaka 1899 na 1993. Walikuwa wanatafuta mabaki ya virusi vya mpox, na waliyapata, hata katika ngozi za zamani sana. Maana yake, virusi hivi vilikuwa vinatembea kati ya kindi wetu miaka mingi kabla hospitali yoyote haijavitambua.

Hospitali zilichelewa, na zilianza kwa kuelekea pasipo. Virusi vilionekana mara ya kwanza mwaka 1958 Copenhagen, kwa kima waliopelekwa huko kwa utafiti wa maabara. Ndipo nyani na kima wakapewa mzigo wa jina. Mtu wa kwanza kutambuliwa alikuwa mtoto wa miezi tisa huko Basankusu, mkoa wa Équateur, mwaka 1970. Mwaka 1985, katika eneo la Yambuku, virusi vilipatikana kwa mara ya kwanza katika mnyama wa mwituni, naye alikuwa kindi: jamaa wa karibu wa huyu wa miguu myekundu, anayeitwa kindi wa Thomas. Lev Khodakevich na wenzake walipima damu za kindi wa aina hiyo na kukuta takribani mmoja kati ya wanne ana kingamwili, yaani aliwahi kuambukizwa akapona.

Wanasayansi hao waliongeza jambo ambalo ningetamani lisomwe na kila anayepanga mambo ya misitu Kivu ya Kusini. Kindi wenye alama za maambukizi hawakuwa katika kina cha msitu pekee. Walikuwa wengi kwenye mashamba yanayozunguka vijiji, penye michikichi, mihogo na vichaka vilivyoota baada ya kukatwa miti. Kindi wa Thomas hupenda sana mahali pa namna hiyo, na michikichi humpa chakula mwaka mzima. Kwa hiyo anayedhani kwamba kufyeka msitu kunaondoa wanyama wenye magonjwa anajidanganya. Ukifyeka, unawaondoa baadhi na kuwakaribisha wengine mlangoni.

Mwaka 2003 Marekani nayo ilionja. Shehena ya wanyama wadogo kutoka Ghana, kindi wakiwemo, ilifika Texas kwa ajili ya wanaopenda kufuga wanyama wa kigeni. Walihifadhiwa pamoja na panya-mbwa wa Marekani, hao wakaambukizwa, wakauzwa, na watu 47 wakahesabiwa kuwa wagonjwa. Hakuna aliyekufa.

Ushahidi uliomgusa kindi wa miguu myekundu mwenyewe umetoka mbali na sisi, katika Hifadhi ya Taifa ya Taï, Côte d'Ivoire. Mapema mwaka 2023 watafiti wa nchi hiyo na wa Ujerumani walikuwa wakifuatilia kundi la mangabei, kima wa rangi ya moshi wanaopenda kutembea chini. Ghafla wanyama wakaanza kutoka malengelenge usoni na mwilini. Theluthi moja ya kundi iliugua, na watoto wanne walikufa. Watafiti walirudi kwenye sampuli walizokuwa wameshahifadhi na wakamkuta kindi mmoja wa miguu myekundu aliyeokotwa akiwa amekufa wiki 12 kabla ya mlipuko. Alikuwa na virusi hivyo, na maandishi ya kijenetiki ya virusi vyake yalilingana na ya mangabei. Mangabei wale walijulikana kula kindi. Na katika kinyesi cha mmoja wa wale wa kwanza kuambukizwa kulikuwa na vinasaba vya kindi pamoja na vya virusi. Matokeo haya yalitolewa mwaka 2025, na kwangu ndiyo picha iliyo wazi kuliko zote tulizowahi kuwa nazo ya ugonjwa ukivuka kutoka kwa mnyama anayeutunza kwenda kwa mnyama anayemla.

Basi hiyo ndiyo nusu iliyo kweli. Lakini Uvira haikuugua kwa njia hiyo.

Mlipuko uliofika Uvira ulitambuliwa Kamituga, ule mji wa dhahabu alikofanyia kazi Prigogine, mnamo Septemba 2023. Miongoni mwa wagonjwa wa kwanza waliothibitishwa walikuwamo watu wazima wengi, na karibu theluthi moja walikuwa wanawake wanaojipatia riziki kwa biashara ya ngono kwenye baa. Ugonjwa ulikuwa unapita kwa kugusana mwili kwa mwili. Wataalamu waliposoma virusi vyenyewe walipata uthibitisho wa aina nyingine. Virusi hivi vikiingia kwa binadamu, mwili hupigana navyo kwa kubadilisha herufi fulani za maandishi yao ya kijenetiki, na mabadiliko hayo hubaki kama makovu. Virusi vinavyotoka moja kwa moja kwa mnyama vina makovu machache ya aina hiyo. Vile vya Kamituga vilikuwa nayo kwa wingi, ishara kwamba vimepita kwa mtu baada ya mtu. Tawi hilo jipya likaitwa 1b, likafuata wachimbaji, wafanyabiashara na wasafiri hadi Bukavu, likashuka kwa barabara ya Kamanyola hadi Uvira, likavuka mpaka kuingia Burundi.

Lilipofika Uvira, tawi hilo lilibadilisha sura tena. Mji umebanwa kati ya ziwa na mlima, nyumba zimesongamana kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, maji ya bomba ni ya kubahatisha, na kitanda kimoja hulalwa na watoto watatu. Mtu mzima akileta ugonjwa nyumbani, watoto wanaupata kwa shuka, kwa taulo, kwa kubebwa mgongoni. Wengi wao hawajawahi hata kumwona kindi wa msituni. Kulikuwa pia na sababu ya zamani iliyofungua mlango: chanjo ya ndui, ambayo ilikinga na mpox pia, ilisimamishwa baada ya ndui kutangazwa kutoweka mwaka 1980. Mtu yeyote Uvira aliyezaliwa baada ya hapo alikuwa hana kinga hiyo mpaka chanjo mpya zilipoanza kutolewa nchini Oktoba 2024.

Kwa hiyo mzazi wa mtaa wa Mulongwe, hapo Uvira, aliyekataa kula nyama ya pori mwaka ule, lakini akamwacha mtoto mwenye vipele alale na ndugu zake, alifunga dirisha na kuacha mlango. Simlaumu. Ujumbe uliomfikia ulichanganya mambo mawili. Kuna mpox inayoruka kutoka kwa mnyama mara kwa mara, hasa kwenye misitu ya Équateur na Sankuru, ambako kila kisa kinaweza kuanza upya na mwindaji au mtoto. Na kuna mpox iliyokwisha kujifunza kukaa kwa watu. Ya kwanza huzuiliwa kwenye mtego na kwenye kisu. Ya pili huzuiliwa kwa kutenga mgonjwa, kunawa na kuchanja. Ukiua kindi wote wa Itombwe, ya pili haitajua.

Nisieleweke kwamba kindi ni salama. Ngoja tuangalie kisu chenyewe. Mwindaji amerudi na kindi wawili. Mke au binti anawababua manyoya motoni, kisha anapasua tumbo kwa kisu kidogo, anavuta matumbo kwa vidole na kuyatupia kuku au mbwa. Mkononi ana mkwaruzo wa jana wa jembe. Mtoto amesimama pembeni anachezea mkia wenye ncha nyeupe, kisha anafuta jicho kwa mkono uleule. Nyama ikishachemka vizuri sufuriani virusi vimekufa. Hatari ilikuwa katika nusu saa ile ya kabla ya moto, kwenye damu, majimaji na ngozi, na waliokuwa karibu nayo kuliko wote ni mwanamke na mtoto, wala si mwanamume atakayekaa mezani.

Na kuna kindi mmoja ambaye ni hatari kupita wengine: yule asiyekimbia. Kindi mzima wa miguu myekundu humkwepa mtu haraka. Utasikia sauti zake za kuonya kabla hujamwona. Anayelala chini ya mti akihema, au aliyekutwa amekufa njiani bila jeraha, ndiye anayefanana na yule wa Taï. Kwa bahati mbaya huyo ndiye anayeonekana kuwa riziki ya bure, na anayemwokota mara nyingi ni mtoto. Kama ningepewa sentensi moja tu ya kusema kwenye redio za Uvira, Fizi na Mwenga, isingekuwa "msile nyama ya pori", maana kwa kaya nyingi za juu mlimani hiyo ndiyo nyama iliyopo na hawataisikiliza. Ningesema: mnyama uliyemkuta amekufa au ameshindwa kukimbia, usimguse kwa mkono, na mtoto asimlete nyumbani.

Hifadhi ya Itombwe ilitangazwa mwaka 2006, na mipaka yake ikapitishwa mwaka 2016 baada ya mazungumzo marefu na wenyeji, ikichukua zaidi ya kilomita za mraba 5,700. Ilipangwa ili sehemu fulani zibaki na matumizi ya watu na nyingine ziachwe. Makaa ya kupikia mijini, dhahabu na vita vya miaka mingi vimeifanya kazi hiyo kuwa ngumu kupita kiasi. Hata hivyo mipaka ile ina thamani ya kiafya isiyotajwa mara nyingi: palipo na msitu mpana wenye matunda, kindi wa chini ana pa kula pasipo shamba la mtu, na mitego ya nyaya huwa mbali na jiko.

Dharura ya kimataifa iliondolewa tarehe 5 Septemba 2025. Wahudumu wa jamii, wale tunaowaita RECO, wamezoea sasa kuuliza nyumba kwa nyumba kama kuna mwenye homa na vipele. Ningependa wale wa vijiji vya pembezoni mwa Itombwe, pamoja na walinzi wa hifadhi, waongeze swali la pili: kuna aliyeona kindi au kima amekufa msituni mwezi huu, na wapi? Swali hilo halihitaji maabara wala gari. Jibu likifika hospitalini mapema, sampuli inaweza kuchukuliwa na mtu mwenye glavu, na kijiji kikaonywa. Kule Taï, kati ya kindi aliyeokotwa na mangabei wa kwanza kutoka malengelenge, zilipita wiki 12.